Uvimbe wa Tezi Uliojificha Kifuani: Tudai Kipimo Kwanza, Roboti Baadaye



Siku hizi habari hazingoji tena basi la jioni. Zinafika Matambarale, Ruangwa na Nachingwea kwa simu za mkononi kabla jogoo hajawika. Miongoni mwa habari hizo ni ile ya mashine ziitwazo roboti ambazo, kama watu wasemavyo, "hupasua wagonjwa zenyewe". Wengine huisikia na kucheka. Wengine, hasa wenye ndugu aliyeugua kwa muda mrefu, huisikia na kuanza kuhesabu mikorosho yao: je, tukiiuza tutaweza kumpeleka mgonjwa wetu kwenye roboti?

Katika ukurasa wetu wa mwezi huu tunataka kulitazama jambo hilo kwa utulivu. Tumechagua ugonjwa mmoja ambao roboti inausaidia kweli, nao ni uvimbe wa tezi za parathairoidi uliojificha kifuani. Kwanza tutaeleza ugonjwa wenyewe, halafu tiba yake, na mwisho tutatoa maoni yetu waziwazi.

TEZI HIZI NI NINI?

Wengi wetu tunaijua tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, kwa sababu ikivimba huleta rovu, na rovu halifichiki. Nyuma ya tezi hiyo ziko tezi nyingine ndogo sana, kwa kawaida nne, kila moja ikiwa na ukubwa wa punje ya mchele. Hizo ndizo parathairoidi. Wako watu wachache walio nazo tano au zaidi.

Udogo wake uliwafanya wataalamu wachelewe kuzitambua. Karibu mwaka 1850 Mwingereza Richard Owen alizikuta alipompasua kifaru aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London. Katika mwili wa binadamu zilielezwa vizuri mwaka 1880 na Ivar Sandström wa Uppsala, nchini Sweden.

Kazi yake ni moja, lakini ni kubwa. Huangalia kiasi cha madini ya kalsiamu yaliyomo katika damu. Kalsiamu ndiyo inayoimarisha mifupa na meno, na bila kiasi chake sahihi moyo, misuli na neva haviwezi kufanya kazi. Kalsiamu ikipungua katika damu, tezi hizi hutoa homoni iitwayo PTH. Homoni hiyo huiamuru mifupa itoe akiba yake kidogo, huziamuru figo zisiipoteze kalsiamu katika mkojo, na husaidia utumbo kunyonya kalsiamu zaidi kutoka katika chakula. Kiasi kikishatosha, tezi hunyamaza.

Tunaweza kuzilinganisha na mtunza ghala wa kijiji. Wakati wa njaa hufungua ghala. Wakati wa mavuno hulifunga. Lakini tezi moja ikiota uvimbe, inakuwa kama mtunza ghala aliyerukwa na akili. Soko limejaa nafaka, naye bado anatoa magunia. Damu hujaa kalsiamu, na mifupa hubaki kama ganda tupu. Mara nyingi uvimbe huo ni wa tezi moja tu, na si saratani. Saratani ya tezi hizi ni nadra sana. Ugonjwa huu huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa walio na umri wa miaka 50 na zaidi.

DALILI ZINAZODANGANYA

Mgonjwa huweza kuwa na baadhi ya dalili hizi:

1. Vijiwe vya figo, hasa vinavyorudi baada ya kutibiwa.
2. Maumivu ya mifupa, au mfupa kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu.
3. Kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, hali kipimo cha sukari ni kizuri.
4. Choo kigumu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo yasiyoisha.
5. Uchovu mwingi, huzuni, kusahau, na mara nyingine kuchanganyikiwa.

Ndugu msomaji, itazame tena orodha hiyo. Hakuna hata dalili moja isiyoweza kupewa jina jingine. Tumchukulie mama mmoja wa makamo, mkulima wa ufuta na mbaazi. Akiumwa mgongo, ataambiwa ni jembe. Akichoka, ataambiwa ni malaria au ni uzee. Akiwa na huzuni na kusahau, wapo watakaosema amerogwa. Akivunjika mkono, utafungwa plasta, na hakuna atakayeuliza kwa nini mkono umevunjika kwa kujikwaa tu kizingitini. Kila dalili inatibiwa peke yake, na miaka inapita. Wakati huo figo zinaharibika kimyakimya.

KWA NINI TEZI YA SHINGONI IONEKANE KIFUANI?

Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama yake, zile parathairoidi mbili za chini huanza pamoja na tezi nyingine iitwayo thaimasi. Thaimasi husafiri hadi kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari. Parathairoidi huambatana nayo, lakini hupaswa kuishia shingoni. Mara chache mojawapo hupitiliza. Ni kama abiria aliyepanda basi Masasi akitaka kushuka Nanganga apate gari la Ruangwa, akasinzia, akaja kuamkia Mnazi Mmoja. Abiria ni yule yule, ila wanaomngojea Nanganga hawatamwona.

Nyingi kati ya tezi zilizopitiliza haziendi mbali, na daktari anaweza kuzivuta kupitia shingoni. Kati ya wagonjwa 100 wanaopasuliwa kwa ajili ya parathairoidi, ni mmoja au wawili tu ambao kifua chao hulazimika kuingiwa.

Wachache hao wana historia ya kusikitisha. Upasuaji wa kwanza wa kuondoa uvimbe wa parathairoidi ulifanywa na Felix Mandl huko Vienna, Austria, mwaka 1925. Mwaka uliofuata, huko Marekani, nahodha mmoja wa meli, Charles Martell, alianza kutibiwa ugonjwa huo huo. Mifupa yake ilikuwa imelegea kiasi kwamba alikuwa amepungua kimo. Madaktari walimpasua shingo mara sita bila kuuona uvimbe. Mara ya saba, mwaka 1932, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, walifungua kifua, na huko ndiko walikoukuta. Lakini figo zake zilikuwa zimekwisha kuharibika, na mwaka huo huo akafariki dunia.

Fundisho la nahodha huyo bado ni zito. Hakufa kwa kukosa mikono hodari. Uvimbe wake ulichelewa kuonekana mahali ulipokuwa. Siku hizi zipo picha ambazo yeye hakuzipata. Iko dawa yenye mionzi kidogo ambayo hudungwa katika mshipa na kujikusanya katika tezi iliyovimba, kisha kamera maalumu ikaionyesha. Iko pia picha ya sitiskani, inayoonyesha uvimbe umekaa karibu na mshipa gani wa damu.

ROBOTI HUFANYA NINI HASA?

Kwa njia ya zamani, uvimbe ulio chini kifuani uliondolewa kwa kuupasua mfupa wa kidari kwa msumeno kuanzia juu hadi chini, na baadaye kuufunga kwa waya. Njia hiyo ni nzuri na imewaokoa wengi, lakini mfupa huo huhitaji majuma mengi kuunga. Katika muda huo mgonjwa hapaswi kuinua mzigo wala kushika jembe.

Katika miaka ya 1990 madaktari walianza kuingia kifuani kwa matundu madogo kati ya mbavu, wakitumia kamera na vyuma virefu vyembamba. Roboti ilifuata. Mashine iitwayo da Vinci iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, na miaka michache baadaye madaktari wa Innsbruck, Austria, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kuondoa parathairoidi iliyojificha kifuani.

Sasa tuondoe uvumi. Roboti haipasui mtu yenyewe. Mgonjwa hupewa nusukaputi, na pafu la upande mmoja hupumzishwa ili kupatikane nafasi. Matundu matatu au manne hutobolewa kati ya mbavu, kila moja lenye upana wa kama sentimita moja. Mikono ya mashine huingizwa humo ikiwa na kamera na vifaa. Daktari huketi pembeni katika chumba hicho hicho, akitazama picha iliyokuzwa, huku akiongoza mikono hiyo kwa vidole na miguu yake. Akisogeza kidole, mashine husogea. Akiacha, nayo huacha. Faida yake ni kwamba vifaa vyake hujipinda kama kifundo cha mkono, na mashine huchuja mtetemeko wa mkono wa daktari. Kifuani, ambako uvimbe huweza kulala kando ya mshipa mkuu wa moyo na neva ya sauti, faida hiyo si ndogo.

Baada ya uvimbe kutoka, homoni ya PTH hupungua upesi sana katika damu. Kwa hiyo, penye maabara ya kufaa, daktari hupima damu kabla ya kuutoa uvimbe na tena dakika 10 hivi baada ya kuutoa. Kiasi kikishuka zaidi ya nusu, anajua ameutoa uvimbe wenyewe.

MAONI YETU

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Roboti ni kazi ya akili na juhudi za watu, nasi hatuidharau. Tena hatukubaliani na wale wasemao kwamba upasuaji wa matundu madogo ni anasa ya matajiri. Sisi tunaona kinyume chake. Karani aliyepasuliwa mfupa wa kidari anaweza kurudi mezani kwake na kuandika. Mkulima wa Matambarale aliyepasuliwa mfupa huo mwezi wa Novemba amepoteza msimu mzima. Anayekula kwa jembe ndiye anayehitaji zaidi jeraha dogo na kupona upesi.

Hata hivyo tunasema bila kusita kwamba kwa watu wetu roboti si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kipimo cha kalsiamu katika damu. Ni kipimo cha damu kidogo ya mshipani. Kwa mtu mzima kiasi cha kawaida ni kati ya miligramu 8.5 na 10.5 hivi katika desilita moja ya damu, ingawa maabara hutofautiana kidogo. Kalsiamu ikizidi, ndipo homoni ya PTH hupimwa. Kalsiamu ikiwa juu na PTH nayo iko juu, tezi hizi hushukiwa. Kalsiamu ikiwa juu na PTH iko chini sana, sababu nyingine hutafutwa, zikiwemo baadhi ya saratani. Bila kipimo hicho hakuna atakayejua kwamba kuna uvimbe wa kutafutwa, na roboti zote za dunia zitakaa zikisubiri mgonjwa asiyekuja.

Huenda mtu akatuuliza: kwa nini hospitali ya wilaya, yenye wagonjwa wa malaria na akina mama wajawazito, ihangaike na kipimo cha ugonjwa usio wa kawaida? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba kipimo hiki si cha ugonjwa mmoja. Humsaidia mwenye figo mbovu. Humsaidia mgonjwa wa saratani anayechanganyikiwa ghafula. Humsaidia mtoto mwenye degedege lisiloeleweka. Humsaidia pia mtu aliyepasuliwa rovu, kwa maana katika upasuaji huo tezi ndogo huweza kuumizwa au kuondolewa kwa bahati mbaya, kalsiamu ikashuka, na mgonjwa akakamaa misuli. Kwa hiyo tunaziomba kamati za afya na madiwani wetu wa Nachingwea na Ruangwa walitie swali hili katika vikao vyao: je, kipimo cha kalsiamu kinapatikana kwetu kila siku? Kama hakipatikani, damu inaweza kupelekwa wapi, na majibu yatarudi lini?

Jambo la pili: mgonjwa asichague mashine kabla ya kumpata daktari. Wengi wenye uvimbe wa tezi hizi huponywa kwa upasuaji wa shingo, bila roboti yoyote. Hata uvimbe wa kifuani huweza kuondolewa kwa kamera na vyuma vya kawaida, au kwa kufungua kidari. Kufungua kifua si jambo geni nchini mwetu. Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufungua vifua kwa ajili ya upasuaji wa moyo. Tena uzoefu wa daktari una thamani kuliko chuma anachokishika. Roboti yenyewe haifai kuwekwa mahali pasipo na mtu awezaye kukifungua kifua mara moja, endapo mshipa mkubwa utatoboka.

Kwa sababu hiyo tunawasihi ndugu zetu wasiuze mashamba ya mikorosho kwa neno la dalali wa matibabu aliyewaonyesha picha ya roboti katika simu. Dalali hajui kalsiamu ya mgonjwa wako ni ngapi. Uvimbe usipoonekana kwanza katika picha, mnaweza kuvuka bahari na kurudi na kovu tupu, kama yale sita ya nahodha Martell.

Jambo la tatu ni la taifa zima. Mashine moja ya namna hii hugharimu zaidi ya dola milioni moja za Marekani. Juu yake kuna matengenezo ya kila mwaka, na vifaa vya mikono yake huruhusiwa kutumika idadi maalumu ya mara na kisha hubadilishwa. Kwa ugonjwa huu peke yake gharama hiyo haina maana. Ina maana tu ikiwa mashine moja, katika hospitali kubwa ya umma, itatumika kila siku kwa magonjwa mengi: tezi dume, kizazi, figo, mapafu na mengineyo. Afrika Kusini imekwisha kuonyesha mfano, kwa maana hospitali za umma za Cape Town, Tygerberg na Groote Schuur, hutumia roboti kwa wagonjwa wa kawaida. Nako Kigali, Rwanda, kituo cha IRCAD Africa kilifunguliwa mwaka 2023 ili kuwafundisha madaktari wa bara letu upasuaji wa matundu madogo. Sisi tunaona njia nzuri ni hiyo: wafundishwe watu kwanza, tena wengi, kwa kamera na vyuma vya kawaida. Mashine ije ikute mikono iliyokwisha kuzoea kazi.

UFANYE NINI, NDUGU MSOMAJI?

Ukipata kijiwe cha figo kwa mara ya pili, au mfupa ukivunjika kwa sababu ndogo, mwulize mganga wako kwa heshima: "Je, kalsiamu yangu imepimwa?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tunza karatasi za majibu yote katika bahasha moja, maana hospitali ya rufani itazihitaji. Kunywa maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amekukataza kwa sababu ya moyo au figo. Usinywe vidonge vya kalsiamu eti kwa kuwa mifupa inauma, kabla damu haijapimwa. Kama unatumia dawa za presha, mweleze daktari ni zipi, kwa maana baadhi ya dawa za kukojoza huongeza kalsiamu. Lakini usiziache kwa shauri lako mwenyewe.

Ukipewa rufani, uliza mambo manne: uvimbe umeonekana katika picha gani? Je, unaweza kutolewa kupitia shingoni? Daktari atakayenipasua amekwisha kufanya kazi hii mara ngapi? Bima yangu italipa nini, na mimi nitalipa nini? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ni haki ya kila mwananchi kuuliza inamgusa vipi.

Baada ya kupasuliwa, msiharakishe kumpandisha mgonjwa basi la kurudi nyumbani. Kutoka Dar es Salaam hadi kwetu ni zaidi ya kilometa 500, na siku za kwanza mifupa iliyokuwa na njaa huvuta kalsiamu kutoka katika damu kwa pupa. Mgonjwa akisikia ganzi midomoni au vidoleni, au misuli ikianza kukakamaa, arudishwe hospitali mara moja. Hapo vidonge vya kalsiamu, au sindano, huokoa maisha.

Kwa ufupi, wapenzi wasomaji, roboti ni mkono mrefu wa daktari. Lakini mkono, hata ukiwa mrefu namna gani, hauwezi kushika kisichojulikana kipo. Yatupasa kudai kile kilicho karibu nasi kwanza: kipimo cha damu katika hospitali ya wilaya, mganga anayeuliza kwa nini, na rufani inayotolewa mapema kabla figo hazijaharibika. Tukiyapata hayo, basi siku roboti itakapofika nchini kwa ajili ya kila mtu, mgonjwa wa Matambarale naye atakuwa miongoni mwa watakaoitwa.